Sentimita Mbili: Busia Hadi Entebbe na Watoto Watatu

Jumapili, wiki tatu kabla

Ahadi niliitoa mimi mwenyewe, mwezi wa nne, mwanangu Kaka alipokuwa na malaria na kila akipewa dawa anaitapika. Nilimwambia, ukipona tutakwenda Kampala kwenye zile bembea kubwa. Akapona. Mtoto wa miaka saba hasahau neno kama hilo, na tangu siku hiyo kila jioni nikitandika kitanda ananiuliza zimebaki siku ngapi.

Tuko sita: Baba Watoto, mimi, Bibi mzaa baba, Kaka mwenye miaka saba, Dada mitano, na Kidogo ambaye bado hajatimiza mitatu. Tunaishi Busia, upande wa Uganda, na Kiswahili ndiyo lugha yetu ya nyumbani, ya sokoni na ya malori yanayongoja kuvuka. Daftari hili nimelianza kwa sababu nilipouliza watu safari kama hii inapangwaje na watoto wadogo, kila mmoja alinitajia michezo mizuri. Hakuna aliyenitajia usingizi.

Kwanza tarehe. Shule zinafunga muhula wa pili mwezi wa Agosti. Kampala mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, halafu tena Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo mwishoni mwa Agosti likizo na ukavu vinakutana. Baba Watoto alitaka tungoje Krismasi, ndipo anapopata ruhusa kazini bila maneno. Nimekataa. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, kwenye jengo moja la maduka kando ya barabara ya Entebbe, watu walikimbilia njia nyembamba kwenda kutazama fataki za mwaka mpya. Wakasukumana, wakakanyagana, wakafa wasiopungua tisa, watoto wakiwemo. Wazazi waliwapeleka watoto wao kufurahi, kama ninavyotaka mimi kuwapeleka wangu. Tangu hapo nimejiwekea sharti: wanangu hawaendi mahali pa burudani siku ya sikukuu, iwe Krismasi, iwe Idi, iwe mwaka mpya. Tutakwenda katikati ya juma, Jumatano, asubuhi.

Kisha kipimo. Nimepiga simu kwenye bustani ya michezo tuliyoichagua, nikamwomba dada aliyepokea anisomee vimo vinavyotakiwa kwa kila mchezo. Alishangaa kidogo, lakini alisoma. Farasi wa kuzunguka na treni ndogo, mtoto wa sentimita 90 anaweza kupanda akiwa na mtu mzima. Treni ya mlimani, ile inayopanda na kuporomoka, ni 110. Kisha nikawasimamisha wote watatu kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, visigino vimegusa mbao, daftari limelazwa juu ya kichwa, nikachora kwa chaki. Kaka 121. Dada 108. Kidogo 90 kamili, na hapo alikuwa ametulia kwa sababu nilimpa kijiko alambe.

Dada nilimwambia siku ileile kwamba treni ya mlimani hataipanda mwaka huu. Alitazama mstari wake, akatazama mahali nilipoonyesha kwa kidole, akasema, "Sawa Mama." Nilijua sawa hiyo ni ya jikoni tu.

Fedha tumekuwa tukiweka kwenye kopo la maziwa tangu Aprili. Nimezigawa mafungu: mafuta ya gari, malazi, viingilio, chakula. Fungu la tano nimelifunga kwa raba, halina kazi yoyote. Baba Watoto anauliza ni la nini. Nimemwambia ni la jambo tusilolijua.

Jumamosi, siku mbili kabla

Leo tumefanya mazoezi ya kupotea. Nimewachukua Kaka na Dada sokoni wakati wa msongamano, nikawafundisha kama wanavyofundishwa sala. Ukiona hunioni, simama. Usitembee kunitafuta, kwa sababu mimi natembea kukutafuta wewe na tutapishana. Usiite "Mama", maana sokoni kila mwanamke ni mama na hakuna atakayegeuka. Ita jina langu lote. Na kama sijaja, tafuta mwanamke aliye na watoto, mshike nguo, umwonyeshe mkono wako. Huko kwenye bustani nitakuwa nimeandika namba yangu ya simu kwa wino upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, mahali jasho halifiki upesi.

Tukajaribu. Nilijificha nyuma ya marobota ya mitumba nikamwacha Dada peke yake kwa muda wa kuhesabu thelathini. Alisimama. Mdomo ulikuwa unatetemeka lakini miguu haikusogea, na akaniita kwa jina, jina la baba yangu na la ukoo, mpaka mwenye duka akacheka. Nilimkumbatia kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Mizigo: leso nne, poti ya Kidogo, chumvi za kuongeza maji mwilini, kofia, mayai ya kuchemsha, chapati, maji. Nguo za ziada nimeziweka juu, si chini, kwa sababu anayetapika hangoji mtu afungue mabegi matatu.

Jumatatu: Busia hadi Kampala

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri, watoto nimewabeba na nguo zao za kulalia mpaka kwenye gari. Gari letu, Toyota Wish, lina viti saba, na Kidogo ana kiti chake cha kufunga tulichokinunua kwenye mitumba. Nje, vijana wa bodaboda walikuwa wamekwishajipanga. Jina hilo limezaliwa huku kwetu, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na kila nikilisikia likitajwa miji ya mbali najisikia mwenyeji.

Watoto wamelala mpaka Iganga. Ndiyo sababu ya kuondoka gizani: kilomita kama 200 za Busia hadi Kampala ni nyingi kwa mtoto aliye macho, ila akiwa amelala unakuwa umemwibia karibu nusu ya njia. Iganga tumesimama, wamekwenda haja, wamekunywa chai na rolex ya moto, ile chapati iliyokunjiwa yai. Bibi amekula yai peke yake na chapati peke yake, anasema vitu viwili vizuri havina haja ya kukunjwa pamoja.

Jinja tumepita juu ya daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, urefu wake mita 525. Baba Watoto alipunguza mwendo. Kaka alianza kuhesabu nyaya, zikamshinda, akaanza tena upande wa pili. Bibi akawasimulia kwamba zamani njia ilipita palepale juu ya bwawa la umeme la mwaka 1954, Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale. "Ukichungulia maji yanavyotoka, tumbo linakwenda nayo," akasema. Dada akauliza kama lile ni refu kuliko treni ya mlimani. Bado anayo kichwani.

Baada ya msitu wa Mabira foleni ilianza, Mukono mpaka Bweyogerere, na Kidogo akachoka. Tumefika saa sita mchana.

Hapa ndipo fungu la tano lilipopata kazi. Nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeilipia nusu kwa simu ilikuwa imetuahidi chumba cha chini chenye vitanda vitatu. Tumepewa cha ghorofa ya tatu, kina roshani, na vyuma vya roshani hiyo vimeachana sana. Nilipitisha ngumi kati ya chuma na chuma, ikapita bila kugusa, kisha nikapitisha kichwa cha mwanasesere wa Dada, kikapita. Kichwa cha Kidogo si kikubwa sana kuliko hicho. Mwenyeji alisema watoto wengi wamelala humo na hakuna kilichotokea. Nikamwambia naamini, ila mimi usiku sitalala. Malipo hawakurudisha.

Baba Watoto alikuwa amechoka, angependelea tufunge mlango wa roshani tuweke begi mbele yake. Bibi ndiye aliyekata shauri. Alishika fimbo yake akasema, "Mwanangu, pesa inatafutwa," akaanza kushuka ngazi. Saa nane tulikuwa mahali pengine, karibu na barabara ya Ggaba, chumba cha chini, ua una mwembe. Kidogo alilala kabla sijamvua viatu.

Jumanne: Kampala, siku ya kupoza miguu

Leo hatukwenda kwenye bembea, na Kaka amelia kwa sababu hiyo. Lakini mtoto aliyetoka barabarani jana hawezi kuruka leo. Atakasirika saa tano, atagombana saa sita, na wewe utasema ni mtoto mkaidi kumbe ni mwili tu umeisha. Kati ya siku ya njia na siku ya michezo nimeweka siku moja tupu, na sitaitoa hata nikiongezewa safari kumi.

Asubuhi tumekwenda Makumbusho ya Uganda, Kamwokya. Ni ya tangu 1908, kongwe kuliko zote Afrika Mashariki. Kilichowashika watoto ni ala za muziki: ngoma za kila ukubwa, zeze, marimba ya mbao. Bibi aliketi kwenye kivuli cha nyumba za nyasi zilizojengwa nyuma na kuwaeleza ipi inafanana na ya nyumbani kwao alipokuwa msichana. Saa mbili zilitosha.

Mchana wamelala. Mimi nimeosha nguo, nimechemsha mayai mengine, na nimewaandikia namba mkononi kuona kama wino huu unavumilia maji. Unavumilia.

Jumatano: bustani ya michezo

Naandika saa tatu usiku, wote wamelala, hata Baba Watoto.

Tumefika saa nne asubuhi, mageti yanafunguliwa. Kabla ya kununua chochote nilimwuliza mhudumu maswali mawili: umeme ukikatika mna jenereta, na inachukua muda gani kuwaka? Alijibu ipo na ni dakika mbili, tatu. Tukalipa. Kuna kulipa kwa mchezo mmoja mmoja na kuna bangili ya karatasi ya siku nzima. Bangili nimemnunulia Kaka peke yake. Kidogo hawezi kupanda michezo ya kutosha kurudisha bei yake, na Dada nilitaka awe na tiketi chache za kuchagua mwenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka mitano akiambiwa panda chochote, anasimama katikati akipigwa na bumbuwazi.

Saa ya kwanza ilikuwa tamu sana. Jua lilikuwa bado la upole, foleni hakuna. Kaka alipanda magari ya kugongana mara tatu mfululizo, na mara ya tatu akaacha kugonga akaanza kuendesha, ulimi nje, mikono yote miwili kwenye usukani kama baba yake akipita kwenye malori. Kidogo tulimweka juu ya farasi mweupe wa kuzunguka. Muziki ulipoanza alinikumbatia shingo akasema "chini, chini", tukashuka kabla farasi hajasogea. Sikumlazimisha. Akaenda zake kwenye mtelezo mdogo wa plastiki ulio mchangani, ambao haulipiwi, na huko alikaa karibu dakika arobaini: anapanda, anateleza, anapiga makofi, anapanda. Bibi akaweka kiti pembeni. Nimewaona wazazi wengine wakiwavuta watoto wa umri ule kutoka kwenye mchanga kwa sababu wamekwishalipia farasi. Mtoto yule amefurahi. Kinachomfurahisha ni mchanga, basi mwache.

Halafu tukafika kwenye treni ya mlimani.

Kuna ubao wa mbao wenye twiga aliyechorwa, na kwenye shingo ya twiga kuna mstari mwekundu wa 110. Kaka alipita chini ya mkono wa mhudumu bila hata kupimwa. Dada akasimama mbele ya twiga. Asubuhi nilikuwa nimemsuka nywele nikazifunga fundo juu ya utosi ili asipate joto, na fundo lile likagusa mstari. Aliniangalia. Sijaona macho yanayong'aa namna ile tangu siku alipopewa mdogo wake ampakate.

Mhudumu, kijana mpole, alibonyeza fundo kwa kiganja. Likashuka. Dada akainuka kwa vidole vya miguu. Kijana akacheka akasema, "Mama, ni kidogo tu. Mwache akae na baba yake."

Nilisema hapana.

Nataka kueleza, kwa sababu watu waliokuwa nyuma yetu walininung'unikia na mmoja akasema mtoto anaonewa. Kile chuma kinachoshuka juu ya mapaja hushuka mpaka kimguse aliye mnene kwenye kiti, hapo kinasimama. Mtoto akiketi na baba yake, chuma kinasimama kwenye paja la baba, na kati ya chuma na mtoto linabaki pengo. Treni ikiporomoka mwili wa mtoto unainuka, na mkono wa baba hauna nguvu ya kushindana na mwendo ule, hata awe baba wa namna gani. Mstari wa twiga haupimi ujasiri wa mtoto. Unapima kama kiti kile kilitengenezwa kwa ajili yake. Sentimita mbili ni kidogo kwenye kitambaa, kwenye chuma si kidogo.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoa mkono wake kwenye wangu, akatazama treni ikipanda na kaka yake ndani, akaanza kulia bila sauti. Nikamwambia nakwenda kukununulia juisi, tukae tumngoje Kaka. Nikageukia dirisha la juisi, nikatoa fedha, nikapokea chenji. Nilipogeuka hayupo.

Sijui kuandika dakika zile. Baba Watoto alikuwa anatazama juu, kwa Kaka. Bibi alikuwa mchangani. Niliangalia chini ya meza, nyuma ya twiga, kwenye farasi. Niliita. Niligundua kwamba nami nilikuwa naita "Dada, Dada", na pale kila upande kulikuwa na dada. Mahali palepale palipokuwa padogo asubuhi pakawa pakubwa kama Kampala nzima. Nilifikiria bwawa la kuogelea lililo nyuma ya ukuta, ambalo tulikuwa tumeamua tusilikaribie kwa sababu mimi siogelei na anayezama hapigi kelele. Nikakimbia upande huo kwanza. Maji yalikuwa tulivu. Nilitazama mpaka chini.

Simu ikalia. Namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke: "Nnyabo, omwana wo ali wano." Luganda changu ni cha kuombea maji na kuulizia bei, lakini omwana, mtoto, nalijua.

Alikuwa kwenye mabomba ya kunawia, amesimama wima kama mlingoti, mgongo ukutani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi alikuwa amemshika, mkono wa Dada umegeuzwa juu, namba inasomeka. Alikuwa bado anataja jina langu, la baba yangu na la ukoo, kwa sauti iliyokauka. Aliniambia, "Nilikuwa nakwenda kulia peke yangu, halafu sikukuona, nikasimama." Dakika sita, Baba Watoto anasema. Nilimshukuru yule mama kwa webale, yaani asante, nyingi kadiri nilivyoweza, naye akanigusa bega akaenda na wanawe. Hata jina sikumwuliza.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepanga kimo, nimepanga tarehe, nimepanga jenereta, lakini sikupanga huzuni yake. Mtoto aliyekataliwa kitu mbele ya watu anataka kujificha, na mimi nikamwacha mkono saa ileile. Kesho na keshokutwa, nikimkatalia jambo, nitakaa naye chini kwanza. Juisi itangoja.

Baada ya hapo tulikula, chini ya mti, mayai na chapati. Dada akatumia tiketi zake zote tatu kwenye treni ndogo inayozunguka bustani, kiti cha mbele, karibu na dereva. Mara ya pili dereva alimwachia apige filimbi.

Umeme ulikatika kweli, saa saba kasoro. Kaka na Bibi walikuwa kwenye gurudumu kubwa, karibu na juu kabisa. Bibi ndiye aliyetaka, alisema tangu azaliwe hajaona Kampala akiwa amekaa. Gurudumu likasimama taratibu, muziki ukakatika, ndege wakasikika. Nilimwona Bibi anatoa tasbihi mfukoni. Nilimwona Kaka anamshika mkono. Jenereta ikanguruma, wakashuka. Bibi akanyoosha kanga yake akasema, "Ziwa linaonekana. Alhamdulillahi," na hilo tu.

Saa nane kamili tukaondoka. Kaka alikuwa bado na bangili yake na bado anataka. Baba Watoto akasema tumelipia siku nzima. Lakini Kidogo alikuwa amekwishaanza kujisugua masikio, dalili yake ya usingizi, na ninajua saa inayofuata ingekuwaje. Kwenye gari Kaka alinung'unika mpaka kona ya kwanza. Kufika kona ya pili alikuwa amelala, mdomo wazi.

Alhamisi: Entebbe

Tumekwenda kwa barabara ya kulipia, tukiingilia tawi la Munyonyo. Gari letu lilitozwa shilingi 5,000, na ushuru huo ulianza Januari 2022. Ipo njia ya zamani isiyolipiwa, ila foleni yake ukiwa na watoto watatu utailipa kwa namna nyingine.

Kituo cha wanyama cha Entebbe kilianza mwaka 1952 kama nyumba ya kulea wanyama yatima na waliojeruhiwa, na tangu 1994 ni kituo cha kufundishia uhifadhi, ingawa wengi bado tunasema zuu. Kwa watoto wadogo ni pazuri mno kwa sababu moja: kuna vivuli. Miti ni mikubwa, ziwa liko hapo, upepo unapita. Tumewaona vifaru weupe, twiga, na sokwe walio kwenye kisiwa chao kilichozungukwa na maji. Kaka alitaka simba. Simba alikuwa amelala ametupa mgongo, na Kaka akaridhika hata na mgongo.

Lakini aliyetushika sisi sote ni korongo yule mwenye mdomo kama kiatu, Waganda wanamwita bbulwe. Kimo chake kinampita Kidogo. Anasimama hasogei, jicho moja limekutazama, mpaka unadhani ni sanamu. Dada alikaa chini kwenye njia, miguu ameikunja, akamtazama naye. Sikumharakisha. Wengine wakaenda kwa mamba, nasi tukabaki wawili. Muda mrefu ukapita. Halafu ndege akainamisha kichwa, akakitikisa, akagonga mdomo wake, sauti kama ya mtu anayepiga vibao viwili vya mbao. Dada akainamisha kichwa chake pia, taratibu, kwa heshima, kama anavyomwamkia Bibi.

Bibi, aliyekulia ziwani, ndiye aliyemjua ndege huyu kuliko bango. Akasema chakula chake ni kamongo, samaki yule anayevumilia matope, na kwamba wavuvi walikuwa hawampendi, wakimwona asubuhi wanasema leo nyavu zitarudi tupu. Waliwaua wengi kwa imani hiyo. Siku hizi kwenye kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya maji, wavuvi haohao wanapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama.

Tumbili wako huru humo ndani. Mmoja alimnyang'anya Kaka ndizi mkononi kwa adabu kabisa, akaimenya akiwa juu ya bango. Chakula kaa nacho kwenye begi lenye zipu, na usimtoe mtoto mdogo na kitu mkononi.

Kidogo alitaka kuingia ziwani. Tulikataa, akalia. Maji ya kando ya Nnalubaale, yaani Ziwa Viktoria, yana kichocho, na vijidudu vyake vinapenya ngozi bila mtu kuhisi, hata kwa kukanyaga maji tu. Safari hii nilifanya nilivyoahidi: nilikaa naye chini mchangani, mbali na maji, nikamshika mpaka akamaliza. Ikachukua muda. Kisha akaomba ndizi.

Ijumaa: kurudi

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri tena, wamelala tena. Najjembe tumenunua gonja, zile ndizi tamu, za kuchoma na kuku wa kijitini kupitia dirishani, wauzaji wakikimbia sambamba na gari. Jinja, Kaka amehesabu nyaya za upande mmoja mpaka mwisho na amekataa kutuambia ni ngapi. Busia kabla ya swala ya Ijumaa, Bibi akawahi.

Fungu la tano limekwisha. Mengine yamebaki kidogo, yamerudi kwenye kopo.

Jioni nilikuwa napika nikamsikia Dada anaburuta kiti. Alikuwa amesimama kwenye mwimo wa mlango, visigino vimegusa mbao, ameshika daftari la Kaka juu ya kichwa kwa mikono miwili. "Mama, nipime." Nikampima. Ni 108. Hakulia. Akaomba chaki, akapanda kiti, akachora mstari mwingine juu ya ule, mahali nilipokuwa nimemwonyesha kwa kidole karibu wiki nne zilizopita. Hakukosea hata kidogo, nimeupima: 110. Pembeni yake akachora kitu chenye shingo ndefu. Nilidhani ni twiga, akaniambia ni bbulwe.